Kiti cha Ishirini

Alhamisi jioni Stoiko alizima injini kabla mtu yeyote hajashuka. Hilo peke yake liliwatia wanawake wasiwasi, maana Stoiko hakuwa na desturi ya kuzima gari akiwa juu ya mlima. Baridi ya kijiji chao, Brezovka, huifanya injini igome kuwaka tena. Siku zote hufungua mlango gari likinguruma, wanawake wakateremka na vikapu vyao, naye akageuza na kurudi kwao mjini. Siku hiyo alivua kofia, akajikuna kichwa, akageuka kitini.

"Akina mama," alisema, "nina neno, na si langu. Nimetumwa."

"Lilete tu, sura yako imeshasema nusu yake," alimjibu Remzie, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, fundi wa vifungo tangu kiwanda cha mashati cha mjini kifunguliwe.

"Kiwandani wanasema basi la kupanda huku ni la watu ishirini. Wakipungua, mafuta hayalipi. Na tangu Zaide na wifi yake waende Ujerumani kulea wazee wa watu, nyie mmebaki kumi na tisa."

"Sasa kumi na tisa na ishirini pana nini hapo? Mimi peke yangu nina uzito wa wawili!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na wenzake wakacheka.

"Uzito hawajauliza, dada yangu. Wanataka vichwa. Nimeambiwa nihesabu vichwa wiki ijayo nzima, na Ijumaa nipeleke jibu. Mkitimia, tunaendelea. Msipotimia, basi litaishia chini, pale darajani."

Kicheko kikakatika. Kutoka darajani hadi Brezovka ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, mlima mtupu, na majira ya barafu yalikuwa yameshaanza. Hakuna mwanamke ambaye angeteremka njia ile gizani kila alfajiri, ashone kola za mashati mchana kutwa, kisha aipande tena jioni. Angeweza wiki moja. Labda mbili.

Fikrie alikuwa amekaa karibu na dirisha, kikapu mapajani. Nyumbani kwake palikuwa na mshahara mmoja tu, nao ulikuwa wake, tangu Novemba, mgodi ulipolifunga handaki alimokuwa akifanya kazi mumewe, Rufat. Binti yao, Elis, alikuwa mjini Plovdiv, anasomea uuguzi mwaka wa pili. Basi likiishia darajani, masomo ya Elis nayo yangeishia hapo hapo.

"Haya, shukeni," alisema Stoiko kwa upole. "Mniombee injini iwake."

Ikawaka mara ya tatu.

*

Brezovka, kazi ina njia zake. Ya wanaume huingia chini ya ardhi mgodini, au huenda gurbeti, yaani kujenga nyumba za watu Sofia, Hispania, popote penye saruji. Ya wanawake hupanda basi. Wanaume huondoka kwa miezi, wanawake huondoka alfajiri na kurudi jioni, na mahali pao pa kukutana ni harusi na Bairamu, Idi yao.

Na basi lile lilikuwa la wanawake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila mwanaume wa Brezovka hakanyagi ngazi yake. Akiumwa jino anasubiri gari la mkate lishuke, au anaomba nafasi kwenye lori la magogo, au anavumilia. Nao wanawake walipapenda mle ndani kuliko nyumbani kwao. Mlango ukifungwa tu, mitandio inateremka mabegani, viatu vinavuliwa, huyu anamng'oa mwenzake nywele za kidevuni, yule amelala mdomo wazi, na mama wakwe wanasemwa mmoja baada ya mwingine kwa zamu. Stoiko yeye hakuhesabiwa kuwa mwanaume. Alikuwa dereva.

Fikrie alipofika nyumbani alikuta pazia la jikoni limefungwa, kama ilivyokuwa kila jioni tangu Novemba. Nyuma ya pazia Rufat alisimama amevaa aproni yenye maua, akiparuza viazi vya patatnik, mkate wa viazi na vitunguu, machozi ya kitunguu yakimtoka. Mama yake, Bi Hatije, alikaa karibu na jiko la kuni kama mlinzi. Kazi yake ilikuwa moja: mtu akibisha hodi, amnyang'anye mwanawe kiparuzio na kujifanya ndiye mpishi.

"Leo amebisha Asan wa mkahawani," Bi Hatije alimsimulia mkwewe hata kabla hajavua koti. "Nimemnyang'anya huyu kiparuzio nikajikata kidole. Asan ananiuliza, 'Bi Hatije, mikono yako ile ya baridi yabisi imepona?' Nikamwambia, imepona kwa dua."

"Mama, yaache hayo," alisema Rufat.

"Niyaache vipi, na kidole changu kinavuja damu kwa ajili ya heshima yako?"

Fikrie akatabasamu, akakaa, akawaambia habari ya Stoiko. Aliisema polepole, kila kitu, kama Stoiko alivyosema. Rufat aliacha kuparuza.

"Watapata mtu," alisema mwishowe. "Katika kijiji kizima hakosekani mwanamke mmoja."

"Nani?"

Rufat alifikiri. Akarudi kwenye viazi.

*

Jumamosi Fikrie alivaa buti akazunguka nyumba kwa nyumba. Alianza kwa mke wa Sabri, msichana mwepesi wa mkono, aliyesomea ushonaji shuleni. Alimkuta ananyonyesha, na macho yake yakawaka alipolisikia ombi. Lakini kabla hajajibu, mama mkwe wake alijibu kutoka chumba cha pili.

"Mtoto huyu atanyonya mlango wa basi?"

"Nimeuliza tu, mama."

"Na mimi nimejibu tu. Kunywa kahawa yako, Fikrie, itapoa."

Nyumba ya pili mwanamke alikuwa ameshakata tiketi ya kwenda kwa Zaide, Ujerumani. Alimwonyesha Fikrie begi jipya lenye magurudumu na kusema kwamba bibi kizee wake alikuwa anangoja, ana miaka tisini na mbili na mbwa wawili. Nyumba ya tatu mwanamke alishastaafu, macho hayaoni tundu la sindano. Nyumba ya nne palikuwa na kufuli, na ya tano vilevile. Fikrie hakuwa amegundua ni kufuli ngapi zilikuwa zimeongezeka kijijini, maana siku zote alipita pale alfajiri na jioni, gizani, akitazama miguu yake.

Akamalizia kwa Remzie. Remzie alikuwa uani anaanua nguo zilizoganda kama mbao.

"Hakuna mtu, dada Remzie. Nimemaliza kijiji."

"Umemaliza nusu ya kijiji," alisema Remzie, akilipiga shati ubavuni ili likunjike.

"Nusu ipi nimeiacha?"

"Ile inayokaa mkahawani kwa Asan." Remzie alimtazama moja kwa moja. "Kwenye pasi za mvuke wanatafuta watu tangu kiangazi. Wasichana wa mjini hawadumu, joto linawatoa. Nilimsikia msimamizi wetu, Rositsa, akimwambia mhasibu kwamba angechukua hata mwanaume, ilimradi asizimie. Rufat wako alitoboa mwamba miaka kumi na saba. Mvuke utamtisha?"

"Mvuke hautamtisha," alisema Fikrie.

Wote wawili walijua kitakachomtisha ni kicheko cha mkahawani.

"Na lile bega lake," Fikrie aliendelea, kama mtu anayetafuta sababu ya kukataliwa. Rufat aliwahi kwenda gurbeti mara moja, Hispania, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na tangu hapo mkono wa kushoto haukupanda juu ya kifua. Ndiyo maana wenzake walipokwenda kujenga yeye alibaki akingoja mgodi ufunguliwe.

"Pasi inakandamizwa chini, mdogo wangu. Hainyanyuliwi mbinguni."

*

Alimwambia Jumapili mchana, nje, Rufat akipasua kuni kwa mkono mmoja na nusu. Alichagua wakati huo kwa sababu mwanaume mwenye shoka anajiona mwanaume, na habari kama ile ni afadhali imkute hapo kuliko ndani ya aproni.

Rufat alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapasua gogo moja, la pili, la tatu.

"Yaani nikapige pasi mashati."

"Ndiyo."

"Ya Wataliano."

"Wataliano, Wajerumani, yeyote anayeagiza."

"Fikrie, mimi nimekuwa chini ya mlima huu miaka yote hiyo. Wenzangu wawili niliwatoa mwenyewe kwa mabega. Sasa niseme nini kwa watu? Kwamba nanyoosha kola?"

"Kola ni kazi yangu mimi. Wewe utapiga pasi mgongo na mikono."

Alidhani atakasirika, lakini Rufat alitoa pumzi puani, nusu ya kicheko. Dirisha la jikoni likafunguka. Bi Hatije alikuwa amesikia yote.

"Mashati yako mwenyewe unayapiga pasi tangu Novemba," alisema. "Na yangu pia. Na nguo zangu za ndani nisizotaka kuzitaja."

"Mama, funga dirisha, baridi inaingia!"

"Nafunga. Lakini unapiga vizuri, mwanangu. Ndilo nililotaka kusema." Dirisha likafungwa.

Rufat aliliegemeza shoka kwenye kisiki. Alitazama mlima wa ng'ambo, ambako mgodi ulikuwa, na gurudumu la lifti yake lililosimama bila kuzunguka.

"Niende lini?"

"Kesho."

"Haya," alisema. "Nitakwenda."

Fikrie hakusema asante, maana angesema hivyo angelia, na akilia, Rufat angeanza kujihurumia na kubadili nia. Aliokota kuni alizozipasua akaziingiza ndani.

*

Jumatatu alfajiri upande wa Rufat kitandani ulikuwa mtupu na wa baridi. Bi Hatije, aliyekuwa ameshaamka kuswali, alisema mwanawe ameondoka muda mrefu, ameomba nafasi kwenye gari la mkate linaporudi mjini. Fikrie aliingia basini na moyo mwepesi. Aliona haya kumtangazia kila mtu, lakini Remzie alitangaza kwa niaba yake, na wanawake wakapiga makofi. Waliona mambo yamekwisha.

Ni kweli Rufat alikuwa kiwandani. Rositsa, msimamizi, alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza kama ana presha, akamkabidhi pasi ya mvuke iliyokuwa karibu na ukuta. Kufika saa nne alikuwa amelowa kama aliyetoka mtoni, na hakuzimia. Wakati wa chakula wanawake walimsogezea nafasi mezani. Yeye akachukua mkate wake na jibini akaenda kula amesimama uani, pamoja na mlinzi wa geti, ambaye alikuwa mwanaume.

Jioni Stoiko alisimama mlangoni mwa basi akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Kumi na tisa."

"Ishirini," alisema Fikrie. "Mume wangu ameanza leo. Rositsa amemwandika. Muulize."

"Sina sababu ya kumuuliza, Fikrie, nakuamini. Lakini yuko wapi?"

Fikrie alitazama nje kupitia kioo. Rufat alikuwa upande wa pili wa barabara, kola ya koti juu mpaka masikioni, akimpungia mkono dereva wa lori la magogo.

"Mimi siulizwi nani ameajiriwa," alisema Stoiko, na alionekana kweli anasikitika. "Naulizwa viti vingapi vimekaliwa. Mtu akienda kwa gari la mkate na kurudi na lori, hilo basi analihitaji la nini? Ndivyo watakavyosema. Mna mpaka Ijumaa, hesabu ya siku hiyo ndiyo nitakayopeleka. Nikipeleka kumi na tisa, msiseme sikuwaambia."

Mlango ukafungwa. Mitandio ikateremka, lakini leo bila maneno. Wanawake walitazamana. Hesabu yote waliyokuwa wameifanya ilikuwa ya kupata mtu kiwandani. Hakuna aliyewaza kwamba mtu huyo angetakiwa kukaa hapa, kati yao. Halikuwajia hata Remzie.

Wa kwanza kusema alikuwa Sevie, mwanamke mpole ambaye kwa kawaida hulala njia nzima.

"Mimi simtaki," alisema. "Unisamehe, Fikrie. Rufat ni mtu mzuri, alimzika baba yangu. Lakini mimi hapa ndipo mahali pekee ninapovua mtandio nje ya chumba changu. Nyumbani yuko baba mkwe, yuko shemeji. Kiwandani yuko fundi mitambo. Hapa ndiyo napumua."

"Na ukipumua darajani kwa mguu je?" aliuliza mwingine. "Hewa ipo nyingi!"

"Najua. Nasema tu kwamba simtaki. Mtu hawezi hata kusema?"

"Sema, Sevie," alisema Fikrie. "Una haki."

Walibishana mpaka kona ya kanisa dogo, kisha wakachoka. Remzie ndiye aliyemaliza. "Akipanda, amepanda. Tutaona tumfanye nini. Lakini kumpandisha ni kazi ya mkewe."

*

Rufat alikataa jioni ile, kwa utulivu, akila supu.

"Kazi nitafanya," alisema. "Hata ile aproni ya plastiki waliyonipa nitaivaa. Lakini basi la wanawake, hapana. Linasimama mbele ya mkahawa wa Asan, watu wote wako dirishani. Niwaaibishe na nyie humo ndani? Sevie atanitazamaje?"

"Sevie amesema hakutaki."

"Umeona? Mwanamke mwenye akili."

"Amesema pia hataki kutembea kutoka darajani."

Rufat alichovya mkate. Jumanne akaenda na gari la mkate. Jumatano vilevile. Kila jioni Stoiko alihesabu, na kila jioni kidole chake kilikomea pale pale, na wanawake wakawa hawamtazami Fikrie usoni, si kwa hasira, ila kwa ile heshima anayopewa mtu mwenye msiba.

Alhamisi palitokea jambo dogo. Pasi ya Rufat iliziba, fundi akaja kuifungua, naye akatumwa kupeleka rundo la mashati upande wa cherehani. Hakuwa amewahi kufika upande huo. Aliingia na rundo kifuani, akamtafuta mkewe kwa macho kati ya migongo iliyoinama safu kwa safu, akamwona. Fikrie alikuwa amenyoosha mkono juu kama mtoto wa shule. Rositsa alipita, akamwona, asisimame. Alipita mara ya pili. Mkono ulikuwa bado juu, mkono mwingine ukiendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano.

"Nini tena?" alisema Rositsa.

"Naomba kwenda msalani."

"Ulikwenda asubuhi. Nyie wa mlimani mna kibofu cha mbuzi nyote? Maliza kifurushi."

Fikrie akateremsha mkono. Hakuinua kichwa, wala uso wake haukubadilika. Cherehani yake iliunguruma kama zile nyingine. Mwanamke aliyekaa pembeni yake akasogeza kimyakimya kola tano kutoka kwenye kifurushi cha Fikrie na kuzitia kwenye chake. Rufat aliweka rundo lake mezani kwa uangalifu, kama vyombo vya udongo, akarudi kwenye mvuke.

Jioni hiyo alifika nyumbani akiwa amechelewa, lori lilikawia. Pazia la jikoni lilikuwa wazi. Alilitazama akaliacha. Alikaa akavua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi.

"Yule mwanamke husema na wewe hivyo kila siku?"

Fikrie alikuwa anakata mkate. "Mwanamke gani?"

"Fikrie."

"Siku nyingine. Akiwa na haraka." Alipanga vipande kwenye sahani. "Ulikuwa pale?"

"Nilileta mashati."

"Basi umeona."

"Miaka tisa," alisema Rufat. "Unarudi hapa, nakuuliza habari za kazi, unaniambia nzuri."

"Na wewe ulikuwa unarudi kutoka mgodini, nakuuliza habari za kazi, ukisema nini?"

Bi Hatije, kwenye kona yake, aliuma mdomo kwa nguvu ili usiseme kitu, na safari hiyo alifaulu. Rufat akavua kiatu cha pili. Akaviweka vyote karibu na jiko vikauke, akainuka kuwasha moto chini ya supu.

*

Ijumaa alfajiri theluji ilikuwa inaanguka bila upepo, chembe pana. Taa za mkahawa wa Asan ziliwaka na dirisha lilijaa vichwa, maana wazee wa pale huamka mapema kana kwamba zamu ya mgodi bado inawangoja. Wanawake walisimama chini ya paa la kituo. Gari la mkate lilishateremka. Rufat alitoka nyumbani nyuma ya mkewe, hatua chache, akaja akasimama kwenye theluji, si chini ya paa pamoja nao wala si mbele ya mkahawa. Katikati.

Mlango wa mkahawa ukafunguka. Alikuwa Velin, waliyefanya naye kazi mgodini, kikombe mkononi kikitoa mvuke.

"Rufat! Umechelewa gari la mkate?"

"Sikulichelewa."

"Sasa hapo unangoja nini?"

"Basi."

Velin aligeuka ndani akasema neno, na kicheko kikatoka mlangoni pamoja na moshi wa sigara. "Ndugu yangu, basi gani na sketi hujavaa?"

Fikrie alihisi uso wake unawaka. Alitaka kusema kitu, Remzie akamkamata kiwiko.

"Sketi naipiga pasi bado," alisema Rufat. "Lete na suruali yako niinyooshe, Velin, umeikalia tangu Novemba imekunjamana."

Safari hii mkahawa ulicheka kuliko mwanzo, na Velin naye akacheka, maana lilikuwa limemwingia sawasawa. Lakini hakurudi ndani. Alibaki mlangoni akitazama taa za basi zikipanda kona ya mwisho, na kicheko kikamwisha taratibu. "Hivi," alisema kwa sauti ya chini zaidi, "hizo pasi zenyewe ziko ngapi?"

Rufat hakusikia, au alijifanya. Basi lilisimama. Wanawake walipanda mmoja mmoja wakikung'uta theluji, na yeye akapanda wa mwisho. Kwenye ngazi aliinama kuliko ilivyohitajika, kama anayeingia handakini.

Stoiko alihesabu. Hakutumia kidole, alihesabu kwa macho tu, kwa adabu. Alipofika mwisho alitikisa kichwa kukubali.

"Ishirini," alisema, na akaondoa gari kabla mtu hajabadili mawazo.

Rufat alikaa kiti cha nyuma kabisa, pembeni, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kofia mkononi. Aliangalia mgongo wa kiti cha mbele yake kana kwamba kimeandikwa. Basi zima lilinyamaza. Mitandio ilikuwa vichwani, imefungwa vizuri. Hakuna aliyevua kiatu. Sevie alikaa wima, macho wazi, akitazama theluji. Fikrie, kwenye kiti chake karibu na dirisha, aliwaza kwamba kazi zao zimeokoka na kitu kingine kimekufa, na yeye ndiye aliyekileta kisu. Walipita kona ya kanisa dogo hivyo hivyo, ukisikia tu vifutio vya kioo.

"Rufat," aliita Remzie kutoka mbele, bila kugeuka.

"Naam, dada."

"Uko macho?"

"Niko macho."

"Usiwe macho. Lala. Sisi tuna mambo yetu."

Rufat aliielewa amri mara moja. Akaegemea, akaivuta kofia mpaka puani, akakunja mikono kifuani. Wanawake walingoja kidogo. Mmoja akageuka kumchungulia, akawatolea wenzake ishara kwamba amelala, au kwamba anajua kulala inavyotakiwa. Sevie alikuwa wa kwanza. Aliinua mkono, akalegeza fundo chini ya kidevu, mtandio ukateremka mabegani, na akatoa pumzi ndefu. Halafu mwingine. Halafu viatu. Chini ya viti kulisikika kusuguliwa kwa vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi.

Maneno yalianza kidogo kidogo, ya bei ya unga, ya mtoto wa mke wa Sabri. Kisha yakapata moto. Yule mwenye uzito wa wawili akaanza kusimulia habari za mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameficha meno ya bandia ili asiambiwe ale keki ya mkwewe, mwenyewe akasahau alikoyaficha, na jana jioni mzee, baba mkwe, alitia mkono kwenye mfuko wa koti la kwendea msikitini, mbele ya imamu, kutafuta tasbihi.

Alipofika hapo kila mtu alikuwa ameshaona meno yale mkononi mwa mzee. Basi lililipuka. Na katikati ya vicheko vya wanawake, kutoka nyuma kabisa, kikapasuka kicheko kizito cha mwanaume.

Wote wakageuka. Kofia ilikuwa bado puani.

"Aliyelala hacheki!" alisema Remzie kwa ukali.

"Naota," ilisema kofia.

Sevie ndiye aliyeshindwa kujizuia. Aliweka uso ndani ya mtandio uliokuwa mapajani akacheka mpaka mabega yakatikisika, na wengine wakamfuata, na Stoiko, ambaye hakuhesabiwa kuwa mwanaume, alilazimika kupunguza mwendo ili afute macho. Fikrie alikuwa amewahi kucheka sana katika basi lile, lakini siku zote kicheko chake alikiacha pale mlangoni alipokuwa akishuka. Sasa alimtazama mumewe aliyelala, masikio mekundu chini ya kofia, akajua kwamba jioni, juu ya supu, angeweza kumuuliza aliota nini.